Mbegu au shamba? Kemia ya msindano, mlingoti na mwati

Shikamooni wazee, na karibuni nyote mliofika hapa Mafinga. Ubao wa msindano (paina) au mlingoti (mkaratusi) ukipinda, au gome la mwati likikosa tanini, ile kemikali ya kusindikia ngozi, mtu mmoja hulaumu mbegu, mwingine hulaumu shamba. Jibu linategemea kemikali gani inazungumzwa, kwa sababu urithi na mahali havina nguvu sawa juu ya kila kemikali.

Mti uliokaushwa kabisa ni selulosi, yaani nyuzi zinazoupa nguvu, kwa karibu nusu ya uzito wake. Lignini ndiyo saruji inayoshikamanisha nyuzi hizo: kwenye msindano ni kati ya asilimia 25 na 33, kwenye mlingoti kwa kawaida ni pungufu. Halafu kuna hemiselulosi, ndugu dhaifu wa selulosi, na kiasi kidogo cha utomvu, tanini na mafuta. Tofauti hii kati ya msindano na mlingoti imo katika vinasaba. Hakuna mbolea itakayoiondoa.

Lakini chukueni msindano uliosimama kwenye mteremko ukainama. Upande wa chini wa shina hujenga mti (yaani mbao yenyewe) mwekundu, mzito, wenye lignini nyingi na selulosi pungufu. Nyuzi ndogo za selulosi ndani ya kuta za seli zake nazo hulala kimshazari badala ya kufuata urefu wa shina, na hapo ndipo hasara ilipo. Ubao wa kawaida wa futi 12 ukikauka hufupika kwa milimita nne hivi. Sehemu yenye mti huo mwekundu inaweza kufupika kwa asilimia moja nzima, yaani zaidi ya sentimita tatu na nusu. Ubao wenye aina zote mbili huvutana wenyewe kwa wenyewe, ukapinda kama upinde hata kama umepangwa vizuri kivulini. Mlingoti hufanya kinyume: mti wa mvutano hujengwa upande wa juu, una selulosi nyingi, na msumeno huuacha na manyoya. Kilichosababisha ni kuinama, si mbegu. Ila unyoofu wa shina hurithiwa kwa kiasi, kwa hiyo anayeokota mbegu chini ya mti uliopinda anajitafutia.

Utomvu una habari nyingine. (Kuugema si kama kugema ulanzi, pombe ya mianzi, ingawa mkono mwepesi unahitajika kote.) Mchanganyiko wa terpeni, zile kemikali zenye harufu ndani ya utomvu, katika msindano hufuata urithi kwa nguvu sana: Pinus patula hutoa beta-felandreni nyingi, Pinus elliottii hutoa pineni, ambayo ndiyo inayotakiwa zaidi kwenye tapentaini. Wingi wa utomvu unaotiririka ndio unaoyumba: baridi ya Juni na Julai huugandisha, na mti wenye kiu hutoa kidogo.

Kwa mwati, gome kavu la mti uliokomaa huwa na tanini kiasi cha asilimia 30 hadi 45. Gome nene la chini ya shina hushinda lile jembamba la juu. Menyeni wakati wa mvua, gome linapoachia kirahisi, kisha lifikisheni kiwandani upesi. Likirundikwa mbichi huota ukungu na tanini yake huwa nyeusi. Likinyeshewa baada ya kukauka, maji huondoka na tanini. Hasara ya namna hii mara nyingi hubebeshwa mbegu bure.

Kutenganisha mbegu na mahali kunahitaji jaribio. Chukueni mbegu za vyanzo vilevile, mzipande Mufindi, Njombe na Mbeya, mita 3 kwa 3. Kila eneo liwe na vitalu vinne, yaani vipande vinne vya shamba vyenye vyanzo vyote, na nafasi ya kila chanzo ndani ya kitalu ipigiwe kura. Kosa kubwa ni kupanda chanzo kimoja karibu na kinyungu (bustani ya bondeni yenye unyevu) na kingine juu ya kilima: hapo hamtajua kama mmepima mbegu au unyevu. Miti ya pembezoni isipimwe, inapata mwanga wa ziada. Vyanzo vikifuatana kwa mpangilio uleule, kutoka bora hadi hafifu, kila mahali, urithi ndio unaotawala. Vyote vikishuka eneo moja, ni mahali. Mpangilio ukigeuka, kila eneo litafutiwe mbegu yake.

Sampuli ya kupima lignini itolewe kwa kekee ya bomba, mita 1.3 kutoka ardhini, kwenye shina lililosimama wima, kuanzia gome hadi kiini. Pete za kiini zina lignini zaidi, hivyo msilinganishe mti wa miaka 6 na wa miaka 18. Sageni, kisha osheni kwa asetoni kuondoa utomvu. Miligramu 300 za unga huwekwa katika mililita 3 za asidi ya salfuri ya asilimia 72, nyuzijoto 30 kwa saa moja. Ongezeni mililita 84 za maji, pikeni kwa mvuke nyuzijoto 121 saa moja, chujeni, kausheni, pimeni mabaki, ambayo ndiyo lignini. Asiyeosha kwa asetoni atahesabu utomvu kama lignini. Akija na jedwali ambalo kemikali zote za mti zinajumlisha asilimia 104, aanzie kukagua hapo.