Kasi ya mwogeleaji mchanga haitokani na uchovu

Makocha, na nyinyi wazazi mliokaa kule nyuma, karibuni. Watoto wa miaka 10 wanapewa mita 50 mara 12, wapumzike sekunde 15 kila wakifika ukutani, na mazoezi hayo yanaitwa ya kasi. Pumzi watapata. Kasi hapana. Wakifika ya nne mwendo umeshashuka, na nane zinazobaki wanazoea kuogelea polepole huku wakihema.

Mwendo wa juu kabisa hutegemea akiba ndogo ya nguvu iliyomo ndani ya misuli, inayotosha kama sekunde 10 tu. Mtoto huijaza upya haraka kuliko mtu mzima, lakini sekunde 15 hazimtoshi hata yeye. Kwa hiyo mpeni mita 15 mara 6 hadi 8, aondoke kila baada ya dakika 1 na nusu. Siku nyingine mita 25 mara 4, aondoke kila dakika 3. Zifanywe mara tu baada ya kupasha mwili joto, kabla hajachoka, na arudi mwanzo kwa kuogelea taratibu ili asisimame akitetemeka. Mzazi atauliza mbona mwanawe anakaa tu. Mwacheni akae. Akichelewa kwa nusu sekunde mara mbili mfululizo katika mita 15, kazi ya kasi imekwisha siku hiyo, hata kama mlipanga nane na amefanya tano.

Sasa, ndani ya hizo mita 15 anafanya nini? Kasi ni umbali anaosogea kwa kila mkono, mara idadi ya mikono anayopiga kwa dakika. Chukua mtoto anayemaliza mita 25 kwa sekunde 18 na mikono 22. Ukimpigia kelele "haraka!", anapiga mikono 27 na saa inasoma 18 ileile. Kiwiko kimeshuka, kiganja kinateleza majini badala ya kuyashika. Mwogeleshe mita 25 akiwa amekunja ngumi, kisha 25 kiganja kikiwa wazi. Atahisi kwamba hata mkono wa chini, toka kiwiko hadi kiganja, nao unasukuma maji. Halafu mpe 25 mara 4, kila moja iwe na kasi zaidi ya iliyotangulia, bila kuongeza zaidi ya mikono miwili kwa jumla. Pale idadi ya mikono inaporuka ghafla ndipo ufundi wake unapovunjika, na hapo ndipo pa kufanyia kazi. Vibao vikubwa vinavyovaliwa viganjani viacheni kwanza, vinaelemea mabega yasiyokomaa.

Kichwa pia. Ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani wa maji unakaribia mara nne, kwa hiyo kosa lisiloonekana katika mwendo wa taratibu linagharimu sana mbioni. Macho yatazame sakafu ya bwawa.

Ukuta ndio chanzo cha kasi ya bure, na wengi wanaupuuza. Hakuna wakati mwogeleaji anaenda kwa kasi kuliko anapoingia majini kutoka jukwaani au anapojisukuma baada ya kugeuka. Katika mtindo huru, mgongo na kipepeo, sheria inaruhusu kubaki chini ya maji hadi mita 15, lakini mtoto hana sababu ya kuzifikisha. Wengi huanza kupoteza mwendo kati ya mita 5 na 8, basi waibuke hapo, na mkono wa kwanza usiwe wa kuvuta pumzi. Tahadhari moja: msiwashindanishe kukaa chini ya maji, wala wasivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama. Mtoto anaweza kuzimia bila dalili yoyote.

Kwenye mashindano, kocha, shika kalamu pamoja na saa. Katika mita 50 bwawa likiwa la 25, andika mikono ya nusu ya kwanza na ya pili, na mahali alipoibuka. Nusu ya pili haina mruko wa jukwaani, kwa hiyo itachelewa. Lakini mikono ikiongezeka mitano au sita, alianza kwa papara. Kuanzia chini ya bendera zilizotundikwa juu ya bwawa, mita 5 kabla ya ukuta, asivute pumzi katika mtindo huru, na aguse mkono ukiwa bado unavuta, si kwa kuteleza. Kifua na kipepeo ni kugusa ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja, la sivyo anaondolewa. Akisubiri zamu zaidi ya dakika 20 baada ya kupasha mwili, avae nguo na arukeruke.

Msiwafungie watoto kwenye mita 50 peke yake. Chini ya miaka 12 waogelee mitindo yote, na mita 200 pia. Halafu kuna yule anayeanza kurefuka ghafla: mikono imekuwa mirefu, mpangilio umevurugika, muda umeganda kwa miezi. Hapo wengi huongeza kilomita. Msimwongezee, mrudisheni kwenye umbali mfupi, hesabuni mikono upya, kwa sababu ile 22 ya zamani ilikuwa ya mwili mwingine.