Hati ya Asili Iko Wapi?

DALALI: Karibuni tena. Leo tunaongelea fremu, godauni, majengo ya ofisi, na deni ambalo mwenye mali hakulitaja. Naanza na la kwangu. Nilimpeleka mteja kuona godauni. Mwenye mali akatutolea kopi ya hati, ya rangi, safi kabisa. Nikauliza ya asili iko wapi. Akasema iko kwa mwanasheria wake. Nikaridhika.

WAKILI: Kumbe iko benki.

DALALI: Iko benki, dada. Tulijua siku tangazo la mnada lilipobandikwa getini, gundi haijakauka. Na mteja alishatanguliza advansi.

WAKILI: Pole sana, kaka. Anayekopesha kwa rehani hukaa na hati ya asili, kwa hiyo ukiambiwa iko mahali pengine, usitoe hata shilingi kwanza.

DALALI: Lakini sheria si inamtaka muuzaji aseme?

WAKILI: Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, kifungu cha 17, inasema kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu. Ila kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa mazingira yanamtaka mtu aseme, au ukimya wake ni sawa na kusema. Kifungu cha 19 kinakupa haki ya kujitoa kwenye mkataba ulioingia kwa kudanganywa. Lakini kama ulidanganywa kwa ukimya, na ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, haki hiyo unaikosa.

DALALI: Subiri. Yeye amenificha, halafu mimi ndiye ninayebanwa?

WAKILI: Rehani imeandikwa kwa Msajili wa Hati. Hakimu atakuuliza ulishindwa nini kwenda kufanya upekuzi, yaani kukagua daftari la Msajili. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wasimwachie muuzaji nafasi ya kunyamaza. Muulize kwa maandishi: mali hii ina rehani, zuio, kesi, au deni la kodi ya pango la ardhi? Akiandika "hakuna" na kusaini huku anajua lipo, huo si ukimya tena. Amesema uongo, na kinga ya ukimya haimfai kitu.

DALALI: Miaka yote ya udalali sikulijua hilo.

WAKILI: Na mali ya biashara mara nyingi mwenyewe ni kampuni. Ukiishia kwa Msajili wa Hati umefanya nusu ya kazi. Nenda BRELA pia, wanakosajili kampuni. Kampuni inaweza kuwa imeweka mali zake zote dhamana, na dhamana hiyo ikasajiliwa kule.

DALALI: Na yasiyoandikwa popote? Nimekuta fremu ambazo wapangaji walishalipa kodi ya mwaka mzima mbele. Mmiliki mpya anakuja kudai, anaonyeshwa risiti.

WAKILI: Hapo wajibu wa muuzaji kusema ni mzito kuliko pote, maana hakuna daftari la kupekua. Taka mikataba ya wapangaji, risiti, bili za maji na umeme. Pita mwenyewe fremu kwa fremu, kaa nao, uliza.

DALALI: Sasa kuna muuzaji anatusikiliza. Ana mkopo, anataka kuuza amalize, anaogopa akisema mteja atakimbia.

WAKILI: Ndugu yangu, sema. Mali yenye rehani inauzika, benki ikiridhia. Wanatoa barua ya kiasi cha deni kilichobaki, mnunuzi analipa hicho moja kwa moja benki, kinachozidi ndicho chako. Rehani inafutwa kwa Msajili, hati ya asili inakabidhiwa kwa wakili wa mnunuzi. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo, mwenye mali, mnunuzi na mtu wa benki, na watu wakaondoka wanapeana mikono.

DALALI: Upekuzi unafanywa mara ngapi?

WAKILI: Mara mbili. Kabla ya kusaini, na tena siku ya kulipa, pesa ikiwa bado kwenye akaunti yako. Zuio linaweza kuwekwa jana jioni. Yule mteja wako alifanya mara ngapi?

DALALI: Hakufanya hata mara moja. Aliniuliza kama kuna haja. Mimi ndiye niliyemwambia hapana.