Kiambishi Kisichouliza: Vitabu vya Waliovuka Jinsia na Mfasiri wa Kiswahili

Mabibi na mabwana, wenyeji wangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: hamjambo.

Wangapi humu mmesoma Mabepari wa Venisi? Naona mikono mingi. Na wangapi mmesoma kitabu chochote kinachohusu mtu kuvaa mavazi ya jinsia nyingine? Mitatu, tena inapanda kwa haya. Basi hesabu yenu haikai sawa. Tamthilia ile ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri ikachapishwa mwaka 1969, ina wanawake watatu wanaovaa nguo za kiume. Portia anaingia mahakamani kama mwanasheria kijana. Nerissa anamfuata kama karani. Jessica anatoroka usiku nyumbani kwa baba yake kwa mavazi ya mvulana, na anafurahi kuwa kuna giza. Na tusisahau kwamba London ya zama zile wanawake hawakuwa wakipanda jukwaani, kwa hiyo Portia alikuwa mvulana aliyevaa kama mwanamke aliyevaa kama mwanamume. Kitabu hicho tulikisoma madarasani, tukafanyia mitihani habari ya ratili ya nyama, na hakuna mzazi aliyekuja shuleni kulalamika.

Sikuja kutoa fatwa wala kutunga sheria. Mimi ni mfasiri, na kazi ya mfasiri ni sentensi. Nataka kuzungumza juu ya kile kinachotokea sentensi za vitabu hivi zinapoingia katika Kiswahili, lugha ambayo kiambishi chake cha nafsi ya tatu hakiulizi mtu ni mume au mke. Alikuja. Nani? Yeye. Basi.

Chukueni riwaya ya mwandishi Mwingereza Virginia Woolf iitwayo Orlando, ya mwaka 1928. Neno la kwanza kabisa la kitabu hicho ni kiwakilishi cha kiume, na hapo hapo msimulizi anakatiza kutuhakikishia kwamba jinsia ya mtu huyu haina shaka, ingawa mavazi ya siku hizo yaliificha kidogo. Huo ni mtego. Kijana Orlando anakuwa balozi huko Constantinople, analala siku saba bila kuamka, na anapoamka ni mwanamke. Baada ya hapo msimulizi anatangaza, kama karani wa masjala, kwamba tangu sasa, kwa kufuata desturi, itabidi viwakilishi vibadilishwe. Kejeli yote ya kitabu imekaa kwenye vineno viwili vya Kiingereza, "he" cha kiume na "she" cha kike.

Sasa fasiri. "Yeye, maana jinsia yake haikuwa na shaka..." Msomaji wa Tanga anasimama hapo hapo: mbona ina shaka? Sijaambiwa kitu! Mwandishi alijifanya kuondoa shaka, mfasiri wa Kiswahili ndiye anayeileta. Na pale kwenye mabadiliko, penye tangazo la viwakilishi, hatuna cha kubadilisha. Orlando alilala akiwa "a-", akaamka akiwa "a-".

Kuna watu wakifika hapa hupiga makofi. Nimewasikia kwenye makongamano: Kiswahili hakibagui, Kiswahili kilimaliza suala hili zamani. Nawaombeni muyaweke makofi hayo kwanza, nitayarudia.

Kabla ya Woolf kulikuwa na watu halisi walioandika maisha yao, na mimi napenda zaidi vitabu vyao. Catalina de Erauso alizaliwa San Sebastián, Hispania, mwishoni mwa karne ya 16, akawekwa utawani tangu utotoni. Mwaka 1600, kwa masimulizi yake mwenyewe, kabla ya kuweka nadhiri, alichukua funguo, mkasi, sindano na uzi, akatoka. Kwa siku tatu alijificha kwenye shamba la miti ya chestnut, akikata na kushona nguo zake mpaka zikawa za kiume. (Ukitaka kujua kama kitabu kiliandikwa na mtu aliyeyaishi mambo, tazama kama anakumbuka sindano.) Akavuka bahari, akawa askari huko Chile katika vita dhidi ya Wamapuche, wenyeji wa huko, akapewa cheo, akacheza kamari, akaua watu kwa upanga, akiwemo ndugu yake mwenyewe katika pambano la gizani bila kumtambua. Alipobanwa sana, alimfichulia askofu siri yake. Wanawake wakunga walimkagua, wakathibitisha kwamba ni mwanamke, tena bikira. Unadhani alichomwa moto? Mfalme wa Hispania alimpa pensheni ya askari, na Papa Urban VIII akamruhusu aendelee kuvaa kiume. Alimalizia maisha Meksiko akiendesha misafara ya nyumbu, kwa jina la Antonio.

Masimulizi yake yalichapwa Paris mwaka 1829, na ndani yake kuna jambo linalowasumbua wahariri hadi leo. Kihispania hakikuruhusu useme "nimechoka" bila kutaja jinsia yako, kwa sababu kivumishi kinabeba mwisho wa kiume au wa kike. Msimulizi huyu anachanganya. Mahali ni mwanamume, mahali ni mwanamke. Wapo wanaosema ni uzembe wa wanakili. Mimi siamini sana uzembe unaojirudia namna hiyo. Vyovyote iwavyo, katika Kiswahili "nimechoka" ni "nimechoka", na msomaji wetu hatajua kamwe kwamba mtu huyu alikuwa akivuka mpaka na kurudi ndani ya aya moja.

Mrusi naye ana mateso yake. Nadezhda Durova, aliyezaliwa 1783, alitoroka nyumbani mwaka 1806, akaacha nguo zake za kike ukingoni mwa mto ili wadhani amezama, akapanda farasi wake na kujiunga na wapanda farasi. Tsar Aleksanda wa Kwanza alipopata habari alimwita, akampa nishani na jina jipya, Aleksandrov, lililotokana na jina lake mwenyewe. Alipigana katika vita vya Borodino dhidi ya Napoleon mwaka 1812, akajeruhiwa, akastaafu 1816. Kumbukumbu zake zilitoka 1836, na sehemu yake ilichapwa na mshairi Pushkin katika jarida lake. Durova alichukia kwamba Pushkin alitoa jina lake la kike badala ya Aleksandrov. Kitabu chenyewe nacho kina ujanja wake: kinamfanya msichana mdogo na kinanyamaza kabisa juu ya mume na mtoto wa kiume aliowaacha nyuma.

Katika Kirusi, kitenzi cha wakati uliopita hubeba jinsia hata katika nafsi ya kwanza. Huwezi kusema "nilikwenda" bila kujitaja. Durova anaposimulia kitabuni, vitenzi vyake ni vya kike. Lakini anapozungumza na wenzake kambini, ndani ya alama za mtajo, ni vya kiume. Husimuliwa kwamba Pushkin alipombusu mkono, Durova alishtuka akasema amesahau mambo hayo siku nyingi, na kitenzi alichotumia kilikuwa cha kiume. Mzaha wote umo katika herufi za mwisho za neno moja.

Nilijaribu kuifasiri kambi ile. Nikatumia "afande", neno letu zuri la asili ya Kituruki, ambalo askari wetu humpa mwanamume na mwanamke sawasawa. Kila kitu kikanyooka. Kikanyooka mno! Katika Kirusi, kila mara Durova anapofungua kinywa, sarufi inaweza kumsaliti. Katika Kiswahili changu alikuwa salama kama mtu aliyelala kwake. Hofu ilikuwa imetoka kwenye kitabu, nami ndiye niliyeitoa.

Sasa nirudi kwa wale wa makofi. Ni kweli kiambishi chetu hakiulizi. Lakini Kiswahili kinauliza, ila kinaulizia mahali pengine: nyumbani na kwenye ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwalimu wa shule ya msingi atakupigia mstari mwekundu ukikosea. Na mwanamume aliyehamia kwa mkewe, mtaani watamcheka: "Fulani kaolewa." Dhihaka nzima imebebwa na kauli ya kutendwa.

Kisha jamaa. Neno "wifi" ni zito kuliko kiwakilishi chochote cha Kiingereza, kwa sababu linauliza jinsia ya watu wawili kwa pamoja. Mimi mwanamke namwita dada wa mume wangu wifi. Kaka yake ni shemeji. Dada huyo akiwa anaishi kama mwanamume, mimi wifi yake ninafanya nini? Si yeye peke yake aliyevuka, na mimi neno langu limehama. Na "shoga", ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi na ambalo wengine wanalirusha mtaani kama jiwe, nalo linategemea nani anamwambia nani. Kwa hiyo mfasiri wa vitabu hivi asihangaike na "yeye". Siri iliyopotea kwenye kiambishi ataikuta imekaa sebuleni, kwenye shangazi na mjomba.

Husimuliwa pia kwamba mtoto wa Durova alimwandikia akiomba baraka za kuoa, akamwita mama, naye akaitupa barua motoni bila kuisoma. Mwana akaandika tena kama anavyoandikiwa ofisa, na baraka zikaja. Kisa hiki hakihitaji maelezo kwa Mswahili yeyote.

Niseme kidogo kuhusu majina, maana najua mtaniuliza. Daktari wa Berlin, Magnus Hirschfeld, ndiye aliyeunda neno la Kijerumani kwa ajili ya watu wanaovaa mavazi ya jinsia nyingine, akalitumia kama jina la kitabu chake cha 1910. Alilijenga kwa Kilatini: kuvuka, na vazi. Ndiyo maana napenda kusema "waliovuka". "Aliyebadili jinsia", linalotumiwa na magazeti yetu, linafanya jambo lionekane tukio la siku moja, kama kubadili sarafu, na wengi wa waandishi hawa wanakana kabisa kwamba walibadili kitu isipokuwa nguo au mwili. Huntha ni suala lingine, linahusu maumbile ya kuzaliwa, na mafakihi walilijadili karne nyingi zilizopita. Msiyachanganye. Taasisi ya Hirschfeld ilivamiwa na wanafunzi wa Kinazi tarehe 6 Mei 1933, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa uwanjani.

Kuna pia "hanithi", lililotufikia kutoka Kiarabu na ambalo kamusi zetu zinalifafanua kwa ukali. Mwanaanthropolojia wa Norway, Unni Wikan, aliandika makala mwaka 1977 kuhusu watu wanaoitwa kwa neno la mzizi huohuo katika mji wa Sohar, Oman. Alieleza mavazi yao kwa makini: kanzu ya kiume iliyobanwa kiunoni, yenye rangi nyororo, kati ya weupe wa wanaume na mapambo ya wanawake. Makala ile ilizua ubishi mkali kati ya wasomi, na sitauingia. Kilichonivutia ni kwamba, kwa maelezo yake, watu hao walikaa na wanawake waziwazi huku sarufi ya Kiarabu ikiendelea kuwaita kwa kiume. Jamii ilisogea na kitenzi kikabaki.

Kenya nayo, Oktoba 2014, Mahakama Kuu iliamua katika shauri la Audrey Mbugua, mwanamke aliyevuka, kwamba baraza la mitihani limpe cheti kisicho na alama ya jinsia. Nilisoma habari ile nikajiuliza kwa nini cheti cha hesabu na jiografia kilihitaji alama hiyo tangu mwanzo.

Nimalizie na kitabu kilicho mezani kwangu sasa. Jan Morris alizaliwa 1926 na kupewa jina James. Kama mwanahabari alipanda na msafara wa Everest mwaka 1953 na ndiye aliyepeleka London habari ya kufika kileleni. Mwaka 1972 alifanyiwa upasuaji Casablanca, na mwaka 1974 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Kinaanza na mtoto wa miaka mitatu au minne amekaa chini ya piano ya mama yake, akitambua kwamba amezaliwa katika mwili usio wake. Mtoto chini ya piano hanisumbui. "Mtoto" ni neno la bure.

Kinachonisumbua ni Elizabeth. Mwaka 1949 James alimwoa Elizabeth, sentensi nyepesi. Wakapata watoto watano, mmoja akafa mchanga. Baada ya upasuaji sheria ya Uingereza ikawalazimisha kuachana, nao wakaachana kwenye karatasi wakaendelea kukaa nyumba moja huko Wales. Mwaka 2008, sheria ilipokwisha kuwa na ushirika wa kiraia kwa watu wa jinsia moja, wakausajili. Nani alimwoa nani? Nimeandika "walifungamana", nikafuta. Nikaandika "walisajiliana", ikanukia posta. Kauli ya kutendana tunayo, "walioana", haimtaji mwenye kutenda wala mwenye kutendwa. Ila naogopa msomaji ataipita bila kujua ni miaka mingapi ilipita kabla ya neno hilo kuwezekana.

Morris alifariki Novemba 2020. Zamani sana wawili hao walikwisha kuchonga jiwe la kaburi lao, wakaliweka nyumbani likingoja. Linasema, kwa Kiwelisi na kwa Kiingereza, kwamba hapa wapo marafiki wawili, mwishoni mwa maisha mamoja. Hilo nililifasiri kwa dakika moja.

Ahsanteni. Kama kuna maswali, tuanze na wale wa mlangoni.