Skrini Iliyokatwa Katikati

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kaseti mnayopokezana hapo ni ya Super Mario Kart, gemu la kampuni ya Nintendo lililotoka Japani tarehe 27 Agosti 1992. Ishikeni vizuri. Ndani ya plastiki hiyo mna chipu moja, DSP-1, ambayo kaseti nyingi za Super Nintendo, mashine ya gemu inayochomekwa kwenye televisheni, hazikuwa nayo. Kazi yake ni kuisaidia mashine kupiga hesabu, na leo mtaona hesabu hizo zilitoka wapi.

Mwaka 1990 Nintendo walikuwa wametoa F-Zero, gemu la mbio lenye kasi ya kutisha, ila unacheza peke yako. Hideki Konno na Tadashi Sugiyama, waliokuwa wakifanya kazi chini ya Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Nintendo, walitaka mbio za watu wawili kwenye televisheni moja. Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Lakini ukishaikata skrini katikati, mashine ileile inatakiwa kuchora barabara mara mbili, kila mchezaji na yake. Na barabara yenyewe ni picha bapa tu, kama mkeka uliotandikwa, ambayo mashine inaizungusha na kuivuta mpaka jicho likubali kwamba inakwenda mbali. Ufundi huo uliitwa Mode 7, na hesabu zake ndizo ile chipu ya DSP-1 ilizosaidia kupiga.

Zile barabara ndefu zilizonyooka za F-Zero zikawashinda kwa watu wawili. Basi wakazikunja, kona baada ya kona ndani ya eneo dogo. Na kwenye kona za namna hiyo gari la kasi kubwa halina raha. Kinachofaa ni gokati, kile kigari cha chini kisicho na bodi. Mimi napenda sana hatua hii: hawakuanza na wazo la gokati, walifikishwa huko na skrini.

Hata Mario, shujaa wa gemu za Nintendo, hakuwapo mwanzoni. Miezi ya kwanza dereva alikuwa mtu yeyote tu aliyevaa ovaroli. Siku moja wakamkalisha Mario kwenye kigari waone anavyoonekana ukiwa unampita, wakampenda, akabaki. Kopo la mafuta lililokuwa likidondoshwa njiani likageuka ganda la ndizi, na hilo halihitaji maelezo hata kwa mtoto wa miaka minne.

Mapokezi yalikuwa makubwa: ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, na mwaka 2009 kitabu cha Guinness cha wachezaji gemu kililiweka la kwanza katika orodha yake ya gemu 50 bora za nyumbani. Gemu za gokati zilizofuata, Diddy Kong Racing ya 1997 na Crash Team Racing ya 1999, zilipita njia iliyokwisha kufyekwa.

Lina kasoro, nami sitalitetea. Ukicheza peke yako, madereva wa kompyuta hutupa silaha zao bila hata kuziokota njiani, na hilo si haki. Lakini tazameni: hata ukiwa peke yako, skrini inabaki imekatwa. Nusu ya juu unaendesha, nusu ya chini unaona ramani au kioo cha nyuma. Nafasi ya mwenzako ipo pale muda wote.

Ndiyo maana napenda zaidi ile sehemu ya vita: wawili, kila mmoja na baluni tatu, mnawindana kwa magamba ya kobe. Gamba la kijani huenda moja kwa moja na kudunda ukutani. Jekundu humfuata mtu. Unajificha nyuma ya ukuta, lakini mwenzako amekaa ubavuni pako, anaona nusu yako, na anajua ulipo. Nawe unamwona anavyokuja.

Nimewasha mashine, na pedi mbili ziko hapa mezani. Waje wawili wa kwanza.