Kuingia Uuguzi Katika Umri wa Makamo

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa kuzungumzia watu wazima wanaotaka kuanza uuguzi hapa Tanzania wakiwa na miaka 38, 42, hata 50. Sitazungumzia wito, kwa kuwa mtu anayefikiria kurudi darasani akiwa na watoto sekondari wito anao tayari. Nitazungumzia tarehe, maana ndizo zinazomkwamisha mtu wa umri huo hata pale ambapo uwezo wake hauna shaka.

Matangazo ya ajira serikalini humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na ili mtumishi alipwe pensheni ya kila mwezi na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, anatakiwa awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, ambayo ni miaka 15. Fanyeni hesabu wenyewe: aliyeajiriwa akiwa na miaka 45 kamili anafikisha miezi hiyo siku anayokabidhi ofisi, wala hana hata mwezi mmoja wa akiba. Turudi nyuma zaidi. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3. Baada yake kuna usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambavyo Sheria ya mwaka 2010 inavitaka kabla mtu hajamgusa mgonjwa kama muuguzi. Kisha kuna kusubiri nafasi zitangazwe, na muda wa kusubiri huko hakuna awezaye kuuahidi. Ndiyo maana anayelenga serikali ningependa awe ameingia chuoni kabla ya kutimiza miaka 40.

Mwaka mwingine hupotelea kwenye cheti cha kidato cha nne. Vyuo vinataka ufaulu wa angalau alama D katika Kemia, Baiolojia na Fizikia pamoja na somo jingine lisilo la dini, na wengi wenu mliosoma sanaa mliachana na Fizikia na Kemia mlipomaliza kidato cha pili. Njia ipo, nayo ni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya masomo hayo tu, lakini mwaka huo nao uingizwe kwenye hesabu. Wahudumu wa afya walioajiriwa tayari wana nafuu, kwa sababu wao wamo ndani ya utumishi: huomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri, na wakihitimu huomba kubadilishiwa kada, huku michango yao ikiendelea kuhesabiwa.

Darasani kinachotisha ni hisabati ya dawa. Lita moja ya maji ya dripu ipite kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita: ni matone mangapi kwa dakika? Ni 42 hivi. Mama aliyeuza duka na kupiga hesabu za mkopo kwa miaka mingi hulipata jibu hilo upesi akishaoneshwa njia, na sijui kwa nini tunamtisha.

Wodini ndiko kwenye jambo lisilosemwa. Mwanafunzi mwenye mvi akisimama kando ya muuguzi wa miaka 24 mwenye leseni, mgonjwa humgeukia mwenye mvi. Atamwita mama, atamweleza siri yake, atamuuliza kama mtoto atapona. Imani hiyo ni mali kubwa, hasa wodi ya wazazi, lakini amepewa kabla hajaistahili, na hapo ndipo hatari ilipo. Aliyejifungua mara nne anaweza kumwambia mzazi asukume kwa kuwa anaukumbuka uchungu wake mwenyewe, ilhali mlango wa kizazi haujafunguka sentimita 10, na kusukuma mapema kunaweza kuuvimbisha na kuchelewesha uzazi. Katika chumba hicho patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ndiyo inayosikilizwa. Nawaambia wakufunzi wenzangu kwamba mwanafunzi mtu mzima anahitaji kusimamiwa kwa karibu kuliko kijana, si kwa sababu ni mzito kuelewa, bali kwa sababu watu watamtii kabla hajajua.

Upande wa pili, inchaji wa zamu atakuamkia shikamoo wakati wa makabidhiano, kisha atakutuma kubadilisha mashuka na kupima presha vitanda vyote. Heshima ya salamu na amri ya kazi vinatoka kinywa kimoja ndani ya dakika moja, na asiyeweza kuvipokea vyote viwili atagombana na kila mtu. Zamu ya usiku nayo haijali umri. Kumgeuza mgonjwa mzito saa 9 usiku kunahitaji mgongo mzima, kwa hiyo pimeni afya kabla ya kulipa ada.

Kwa waliokwisha kuvuka 45, mlango uliobaki ni hospitali za binafsi na za mashirika ya dini, ambazo zina taratibu zake za ajira. Nendeni kwenye hospitali mnayoitamani, muulize kama inaajiri mhitimu mpya wa umri wenu, kwa mkataba wa aina gani, na kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, italipwa, kwa maana huko nako pensheni inadai miezi 180. Aliyewahi kuchangia mfuko wowote huko nyuma atafute kumbukumbu za michango yake sasa. Na chuo, kabla ya shilingi ya kwanza, kioneshe usajili wake wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi.