Nani Amkatie Rufaa Mtoto?

Mwangaluka ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Wasaidizi wa kisheria mliotoka Ukerewe na Sengerema, asanteni kwa kuamka alfajiri. Hili la kukata rufaa adhabu inapokuwa ndogo mmeshanisikia nikilisema Magu, mmenisikia Misungwi, na leo nalirudia kwa sababu bado halijaingia.

Nianze na binti mmoja. Sitamtaja jina, wala kisiwa, wala mwaka. Alikuwa na miaka 13, na aliyemharibu ni baba yake mzazi. Kesi iliendeshwa vizuri kabisa. Mtoto aliahidi kusema kweli, akaisema. Daktari alileta PF3 yake, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitali. Jirani aliyemkuta akilia nyuma ya vichanja vya dagaa alikuja mara mbili kutoa ushahidi, nauli akijilipia mwenyewe. Baba akatiwa hatiani kwa kosa la kuzini na maharimu. Ikafika zamu ya kuomba apunguziwe adhabu. Mama wa mtoto akasimama: "Mheshimiwa, huyu ndiye anayetulisha." Bibi akapiga magoti palepale. Hakimu akatoa miaka mitano.

Mitano! Kifungu cha 158 cha Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinasema aliyetendewa akiwa chini ya miaka 18, kifungo kisipungue miaka 30. Akiwa na 18 au zaidi, kisipungue 20. Machozi ya bibi hayamo.

Sasa niambieni, siku ile nani alitoka mahakamani akasema adhabu hii haitoshi? Mama alishukuru Mungu. Ukoo ulishakaa kikao hata kabla ya hukumu, wakakubaliana yaishe. Baba akate rufaa ya nini, na ameshapunguziwa miaka 25? Mtoto naye sheria haimpi rufaa, maana katika jinai mlalamikaji ni shahidi tu. Anayebaki na mamlaka ya kwenda Mahakama Kuu kusema adhabu ni ndogo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, peke yake.

Mtu akiiba injini ya boti pale Kirumba akapewa adhabu ndogo, mwenye injini atapiga kelele mpaka kwa mkuu wa wilaya. Kesi ya nyumbani haina mwenye injini. Wale wale ambao wangepiga kelele ndio waliosimama kumwombea. Ndiyo maana nasema, kama kuna kesi ambazo mwendesha mashtaka hana ruhusa ya kufunga jalada na kwenda nyumbani siku ya hukumu, ni hizi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa Mkurugenzi siku 30 tangu adhabu itolewe aweke notisi ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 alete rufaa yenyewe, ukiondoa muda wa kungojea nakala za mwenendo. Mfungwa anapewa siku 10 za notisi. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ina mara tatu yake. Na kwa yule binti, siku 30 zote zilipita jalada likiwa kabatini, limeandikwa juu kwamba kesi imeshinda. Mimi nililikuta mwezi wa tano baada ya hukumu, nikitafuta jalada jingine kabisa.

Tukaanza kuhangaika. Kuomba kuongezewa muda, kueleza kwa kiapo kwa nini tulichelewa, kungoja mfungwa aletwe asikilizwe naye, kama inavyopasa. Mwisho Mahakama Kuu ikaweka miaka 30. Lakini binti alikuwa ameshaacha shule. Amepelekwa kwa shangazi ng'ambo ya ziwa, kwa sababu nyumbani kila siku aliambiwa yeye ndiye aliyewaletea njaa. Hilo hakuna jaji aliyeweza kulitengua.

Najua yupo atakayeniuliza, maana kila mahali ananiuliza: mama, miaka 30 si mingi mno? Mahakimu si ndiyo maana wanaikwepa? Kama ni mingi, nendeni Dodoma mkawaambie wabunge. Hakimu anayeona sheria inaonea aseme hivyo ndani ya hukumu, tuisome, tubishane mbele ya jaji. Wenzetu Kenya wamebishana hivyo. Mahakama ya Rufani yao ilishusha kifungo cha aliyenajisi mtoto kutoka miaka 20 hadi 15. Mkurugenzi wa Mashtaka akaenda Mahakama ya Juu, na Julai 2024 ile 20 ikarudi. Na Uingereza mtu yeyote, hata huyo shangazi, ana siku 28 za kumwomba Mwanasheria Mkuu apeleke adhabu ndogo ikaangaliwe upya. Sisi mlango huo hatuna. Msiniambie pia kwamba Mahakama Kuu inaweza kujiitia jalada yenyewe ikalikagua. Inaweza, ndiyo. Itaambiwa na nani?

Nilitaka kukaa sana kwenye hati ya mashtaka, naona muda unanikimbia. Haraka basi. Kifungu cha 158 kinataja mjukuu, binti, dada na mama. Mpwa hayumo, mtoto wa kambo hayumo; mjomba na baba wa kambo washtakiwe kwa ubakaji. Wala msikubali shitaka lishushwe kuwa shambulio la aibu ili mzee akiri upesi, kwa sababu rufaa haimpi mtu adhabu ya kosa ambalo hakutiwa hatiani nalo. Na aliyeachiwa kwa faini anahamia kambi nyingine ya uvuvi usiku uleule, hati ya kuitwa haimkuti. Jueni anakokwenda.

Mnawahi meli ya Nansio, sitawashika. Daftari lipo pale mlangoni. Mwenye kesi ya nyumbani iliyotolewa adhabu karibuni aandike tarehe ya adhabu kwanza, kisha mahakama na namba ya kesi. Kesho asubuhi nalipeleka mwenyewe ofisi ya mashtaka. Dada yangu wa Ukerewe, ile kesi ya babu na mjukuu uliyonieleza asubuhi, nimeihesabu nikiwa nimekaa hapa. Leo ni siku ya 26.