Tone la Mafuta Kati ya Seli

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja.

Kiinitete kinapokua, tunachokiona kwa hadubini ni mwendo: seli zinasogea, utando wa tishu unajikunja ukawa bomba, bomba linarefuka. Kani yenyewe haionekani, na mwendo peke yake unadanganya. Seli mbili zaweza kwenda kwa kasi ileile, moja ikisukumwa kwa nguvu ndani ya tishu ngumu, nyingine ikiteleza kwenye tishu laini bila jasho. Ukitazama video tu, huzitofautishi.

Njia iliyozoeleka ya kuipima kani hiyo ni kukata. Unaelekeza leza kwenye mpaka wa seli mbili za kiinitete cha inzi wa matunda, unaukata. Kama mpaka ulikuwa umevutika, ncha zake zinaruka mithili ya kamba iliyokatika. Kama ulilegea, wala hazishtuki. Naipenda kwa urahisi wake. Ila kasi ya kuruka hutegemea mvutano pamoja na mnato wa vilivyo jirani, kwa hiyo unaweza kusema huku kumevutika kuliko kule, lakini kiasi cha kani hukipati. Kisha, kama mlivyokwisha kuona, umekiharibu ulichokuwa unakipima.

Sasa kilichonileta. Mwaka 2014 mwanafizikia Otger Campàs na wenzake walieleza jinsi ya kudunga tone la mafuta, lenye ukubwa wa kukaribia seli, katikati ya seli hai. Tone hupakwa molekuli za kulishikamanisha na seli, na rangi inayong'aa ili lionekane. Likiachwa peke yake huwa tufe kamili, maana mvutano wa uso hulikaza pande zote sawasawa. Likisukumwa zaidi upande mmoja, linabonyea. Hapo inaingia kanuni ya Laplace, ya tangu karne ya 19: uso ukipinda zaidi mahali, tofauti ya kanieneo mahali hapo ni kubwa zaidi. Ukiujua mvutano wa uso, unasoma mkazo kutoka kwenye umbo.

Tufanye hesabu, msiogope. Nusukipenyo cha tone ni mikromita 20, mvutano wa uso ni milinewtoni 4 kwa mita. Mara mbili ya mvutano, gawanya kwa nusukipenyo: paskali 400. Hiyo ndiyo kanieneo inayolishikilia tone lisipoteze utufe wake. Seli zikilisukuma kwa paskali mbili tatu, huoni kitu. Zikilisukuma kwa maelfu, linabapa na kipimo kimekwisha kazi. Kwa hiyo unaongeza au kupunguza vitu vya jamii ya sabuni kwenye mafuta mpaka ukakamavu wa tone uendane na tishu yako. Nusu ya ufundi wote iko hapo.

Kuna jambo moja ambalo tone halilioni kabisa. Likibanwa sawasawa kutoka kila upande, linabaki tufe lilelile, kwani mafuta hayasinyai. Kwa mbano wa namna hiyo watu hutumia vishanga vya jeli, ambavyo vikibanwa hutoa maji na kupungua.

Baadaye mafuta yakatiwa chembe za sumaku. Sasa tone halikai tu kusukumwa: unawasha uga wa sumaku, linajinyoosha na kuisukuma tishu, nawe unaangalia tishu inavyojibu. Mwaka 2018 matokeo ya kazi hiyo kwenye kiinitete cha zebrafishi, samaki mdogo mwenye milia, yalitoka, na mimi niliyasoma mara mbili. Kwenye ncha ya mkia tishu ilikuwa kama kimiminika. Ukienda mbele kidogo ilikuwa imara kama yabisi. Mkiani nafasi kati ya seli ni nyingi zaidi na mipaka yake inatikisika zaidi. Kuelekea mbele nafasi zinajaa, seli zinabanana, hazipishani tena. Povu nzito nayo ni hivyohivyo: ndani ni hewa na maji tu, lakini ukiirundika inasimama.